Mdogo wangu kachaguliwa udaktari Muhimbili, Bugando na KCMC. Tuthibitishe wapi?

Fundi wa Misuna

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa waliosoma udaktari au wenye ndugu waliopita huko. Mimi niliishia kidato cha nne na hapa nyumbani Singida sina wa kumuuliza.

Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), daraja la kwanza pointi 5. Aliomba udaktari wa binadamu vyuo vitatu na vyote vimemchukua: MUHAS (Muhimbili), CUHAS Bugando kule Mwanza, na KCMC Moshi. Ile meseji ya namba maalum ya siri imeshaingia, tunatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, na dirisha linafungwa wiki hii.

Mwenyewe karudi juzi kutoka JKT Msange. Nikimuuliza anataka wapi ananijibu "dada, popote utakapoona panafaa". Namjua. Anaogopa kutaja chuo cha gharama halafu mimi nihangaike. Ndiyo maana sitaki nichague kwa kubahatisha.

Hali yetu ni hii. Wazazi wote wametangulia mbele za haki. Vyeti vya vifo nilivipeleka vikahakikiwa RITA, na mkopo wa Bodi ya Mikopo tumeshaomba, majibu bado. Mimi nashona, hasa sare za shule, na msimu wa alizeti huwa nanunua magunia machache naweka, nauza bei ikipanda. Nikijibana, kwa mwaka naweza kumtolea kama 1,500,000. Zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya.

Baba mdogo aliyeko Dar anasema Muhimbili, hataki kusikia kingine, eti jina la chuo ndilo linalotafuta kazi. Mwalimu wake wa Biolojia anasema Bugando ndiko wanakomfunza mtu kazi kwa mikono. Mchungaji wetu anasema KCMC, kijana atasoma kwa utulivu. Wote nawaheshimu na wote wamesema kwa uhakika kabisa.

Ninachotaka kujua ni mambo mawili. Akimaliza, mwajiri anaangalia chuo? Na wapi atatoka akiwa daktari ambaye mimi mwenyewe ningempelekea mtoto wangu?

---

Mtu wa Upanga

Dada hongera sana, pointi 5 za PCB si mchezo.

Muhimbili. Ndicho chuo cha kwanza cha udaktari nchini, kilianza 1963, mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Ndani ya uzio mmoja una Hospitali ya Taifa, una MOI kwa mifupa na ubongo, una Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa aliyeshindikana mikoani analetwa hapo, kwa hiyo kijana ataona magonjwa ambayo wenzake watayasoma kwenye kitabu tu. Walimu pia. Profesa Julie Makani, aliyepata tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake ya selimundu, ni mtu wa hapo hapo. Mtoto wa Singida akikaa miaka mitano karibu na watu wa namna hiyo, fikra zake zinapanuka. Sioni cha kujadili.

---

Mangi wa Soweto

Mimi si daktari ila nimeishi jirani na KCMC tangu utotoni, na dada yangu kasoma pale. Mchungaji hajakosea. Hospitali ilifunguliwa 1971, chuo na wodi viko pamoja, mwanafunzi anatoka bwenini anaingia kazini kwa miguu. Hakuna foleni, hakuna kuamka saa tisa usiku kutafuta gari. Na kuna mambo huwezi kuyapata kwingine kirahisi: tangu 1992 pana kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kinachopokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo yanatengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na jua. Kijana mtulivu atafurahia Moshi.

Ada tu ndiyo uiangalie vizuri, hicho si chuo cha serikali.

---

Dokta wa Kanda ya Ziwa

Dada Fundi, hongera kwa kazi uliyoifanya mpaka kijana kafika hapo.

Mimi nimesoma Bugando. Sasa niko hospitali ya rufaa ya mkoa, wodi ya watoto, na kila mwaka tunapokea madaktari wa mafunzo kutoka vyuo vyote vitatu ulivyotaja na vingine zaidi. Nawasimamia. Kwa hiyo nakujibu kwa ninaowaona asubuhi kwenye raundi.

La mwajiri ni fupi. Akimaliza miaka mitano anapangiwa hospitali kwa mwaka mmoja wa mafunzo kazini, anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha anaomba ajira pamoja na wenzake wote. Serikalini hakuna mshahara wa Muhimbili na mshahara wa Bugando. Jina la chuo linaanza kuhesabika kwenye ubingwa, na ubingwa anaweza kwenda kuusomea Muhimbili hata kama shahada ya kwanza kaichukua Moshi au Mwanza. Wengi wamefanya hivyo. Mwambie baba mdogo, kwa heshima zote, hilo la jina lisimnyime usingizi.

La pili ndilo kubwa, nami nafurahi umeuliza kwa maneno yale, daktari ambaye wewe ungempelekea mtoto wako.

Miaka miwili ya kwanza ni darasani, maabara na chumba cha maiti. Mfupa wa paja ni ule ule Upanga na Mwanza. Mambo yanaanza kutofautiana mwaka wa tatu, mwanafunzi akiingia wodini, na hapo kinachomjenga ni kitu kimoja: ni mara ngapi anamgusa mgonjwa kwa mkono wake huku mtu anayejua amesimama pembeni anamrekebisha. Kwa hiyo ukipata mwanafunzi wa chuo chochote, usimuulize chuo kina sifa gani. Muulize, mkiwa raundi mnasimama wangapi kwenye kitanda kimoja? Anayewafundisha pale ni bingwa mwenyewe au daktari anayesomea ubingwa? Mara ya mwisho kumpima mgonjwa tumbo mbele ya mwalimu ilikuwa lini? Akijibu bila kufikiri, chuo hicho kinafundisha.

Ngoja nikueleze ninachokutana nacho. Tunaletewa mtoto wa miaka 12 kutoka visiwani, tumbo limevimba, ametapika damu. Huku kwetu ziwani ukiona hivyo unafikiria kichocho cha tumbo. Namwambia daktari wa mafunzo apime wengu, yaani bandama. Asiyezoea anakwenda moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto, anabonyeza, ananiambia hasikii kitu. Hasikii kwa sababu wengu limekuwa kubwa mno, mkono wake umekaa juu yake tayari, anadhani ndilo tumbo lenyewe. Aliyefunzwa kitandani anasugua viganja kwanza vipate joto. Anaanza chini kabisa upande wa kulia, karibu na nyonga. Anamwambia mtoto avute pumzi ndefu, anatulia, anasogea kidogo kupanda kuelekea mbavu za kushoto, anamwambia tena vuta. Kila pumzi hatua moja. Mpaka mahali fulani ukingo wa wengu unashuka na pumzi na kuja kugusa ncha ya kidole chake. Akishausikia siku moja hausahau maisha yake yote, na hakuna kitabu kinachoweza kumpa.

Bugando nafasi za kugusa wagonjwa namna hiyo nilizipata kwa wingi, sitakuficha. Ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, vitanda zaidi ya 900, wagonjwa wanatoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga. Mwalimu wake wa Biolojia anajua anachosema. Ila vijana wenye mikono mizuri nimewapokea kutoka vyuo vyote vitatu, na wa kuanzishwa upya nao nimewapokea kutoka vyote vitatu.

Sijakwambia bado uchague wapi, kwa sababu kwenye hali yako hela ndiyo itaamua. Nijibu haya. Kwenye fomu ya mkopo mmejaza kama yatima wa wazazi wote wawili? Umeangalia kama jina lake limo kwa wanaostahili Samia Skolashipu, ule ufadhili wa serikali kwa waliofaulu sana sayansi? Na huyo baba mdogo anakaa Dar sehemu gani?

---

Mwaka wa Pili

Dada, mimi nipo MUHAS mwaka wa pili, mkopo ninao. Naongezea la Bodi kwa sababu watu wengi wanalielewa nusu.

Mkopo una mafungu. Kuna ada, kuna chakula na malazi ambalo sisi tunaliita bumu, kuna vitabu na viandikwa, kuna mahitaji maalum ya kitivo, kuna mafunzo kwa vitendo. Bumu ni 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Mwezi unapata kama 300,000, ila haiji kila mwezi, inakuja kwa mafungu, na la kwanza linaweza kuchelewa wakati chuo kimeshafunguliwa. Kwa hiyo hizo hela zako, kabla ya kitu chochote, weka za kumlisha wiki za mwanzo. Niliwaona wenzangu walivyokuwa wanakula mlo mmoja.

Ada sasa. Bodi inakupangia kiwango kulingana na hali yako, si lazima iwe yote. Kilichobaki ni chako. Tuseme chuo ada yake ni 6,000,000 na Bodi imekupa asilimia 70. Unabakiwa na 1,800,000 kila mwaka, mara miaka mitano ni 9,000,000. Chuo kingine ada ni 1,800,000, asilimia ile ile 70, unabakiwa na 540,000. Asilimia ni moja ila mzigo si mmoja.

Na ajue mapema kwamba ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021.

---

Fundi wa Misuna

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mdogo wangu naye kasoma, na tangu jana jioni namwona amelala chali kwenye mkeka anajipapasa tumbo na kuvuta pumzi.

Dokta, majibu. Ndiyo, tumejaza yatima wa wazazi wote wawili, na nakala za RITA zimo. Ya Samia Skolashipu tumeangalia, jina lake halimo. Baba mdogo anakaa Chanika na ameshasema kijana akienda Muhimbili atakaa kwake, asilipe chumba. Nami niliona hiyo ni nafuu kubwa, kwa kweli ndiyo iliyokuwa inanivuta Dar.

Nimeuliza pia ada. Bugando na KCMC zote ni zaidi ya mara mbili ya Muhimbili. Kwa hesabu ya huyo ndugu wa mwaka wa pili, nimekaa na kalamu hapa dukani mpaka mteja akanisubiri. Bodi ikimpa yote, popote anaweza. Ikimpa pungufu, Bugando nitaweza mwaka wa kwanza na wa pili. Wa tatu sijui.

---

Dokta wa Kanda ya Ziwa

Basi umeshaamua mwenyewe, ila ngoja nilitamke mimi mtu wa Bugando. Mthibitishieni Muhimbili.

Unathibitisha chuo wiki hii. Majibu ya Bodi yatakuja baadaye, kijana akiwa ameshafunga njia nyingine. Yatima wa wazazi wote wawili ana nafasi nzuri, mimi natarajia atapata vizuri, lakini usimpeleke mtoto chuo cha miaka mitano kwa kutegemea majibu ambayo hayajatoka. Unachagua ukijiuliza, ikiwa Bodi itampa kidogo kuliko tunavyoomba, wapi bado atamaliza? Kwa 1,500,000 yako jibu ni chuo cha serikali. Nimesoma na kijana mwenye akili kunishinda, aliyekaribia kuzuiwa kufanya mtihani wa mwaka wa nne kwa deni la ada. Darasa zima tulichangishana. Alifanya mtihani, lakini muhula wote ule hakuwa anasoma, alikuwa anapiga simu kwa ndugu. Sitaki huyu wako apite humo.

Hilo nililoeleza la kugusa wagonjwa halijabadilika. Muhimbili ni hospitali kubwa na wanaojifunza ni wengi, wapo wa shahada ya kwanza, wapo wa ubingwa, wapo wa uuguzi. Anayesubiri kuitwa mbele anaweza kumaliza mzunguko mzima akiwa nyuma ya mabega ya watu. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa tatu raundi ikiisha asiondoke na kundi. Arudi wodini saa kumi na moja jioni, wenzake wameshakwenda, wodi imetulia. Ajitambulishe kwa muuguzi wa zamu, kila siku, hata kama wanamjua. Amwombe mgonjwa ruhusa kwa adabu, avute kiti akae, aanze maelezo upya tangu siku ugonjwa ulipoanza, ampime kichwa mpaka miguu, halafu ndipo afungue faili alinganishe na alivyoandika mkubwa. Tofauti yoyote akamuulize daktari wa zamu usiku ule ule. Wauguzi ndio watakaomfundisha zaidi ya anavyodhani, mradi awasalimie na awasaidie kugeuza mgonjwa. Na likizo akija nyumbani, aende hospitali ya mkoa hapo Singida aombe kujitolea. Hospitali za mkoa hazina msongamano wa wanafunzi, na daktari wa hapo akiona kijana ana nia anamshika mkono.

Kuhusu Chanika, naomba ukatae. Kataa vizuri, kwa shukrani, mpelekee na kuku, lakini kataa. Chanika mpaka Upanga ni kutoka nyumbani usiku na kurudi usiku. Vipindi vya asubuhi ataviingia akiwa amechoka, na ile saa kumi na moja jioni niliyosema ataitumia kituoni anagombania gari. Halafu Mloganzila, ambayo ilijengwa iwe hospitali ya kufundishia ya MUHAS, iko Kibamba, upande mwingine kabisa wa jiji. Akipangiwa huko akiwa anatokea Chanika atalia. Aombe hosteli ya chuo mapema. Akikosa, washirikiane wawili watatu wapange chumba Magomeni au Kigogo, kodi itoke kwenye bumu. Kwa baba mdogo aende Jumapili akale, amsalimie mama mdogo.

Vifaa. Makoti meupe mawili, na wewe ni fundi, mshonee. Tumia kitambaa chenye pamba kinachovumilia maji ya moto na dawa ya madoa, mifuko ya chini iwe mikubwa kwa sababu ataishi ndani yake. Mikono mirefu au mifupi aulize chuoni kwanza. Stethoskopu asinunue sasa hata akiona wenzake wameivaa shingoni wiki ya kwanza. Hana mgonjwa wa kuisikilizia. Mwaka wa tatu ukikaribia anunue moja nzuri, duka la vifaa tiba lenye risiti, si ya barabarani. Hela hiyo sasa ni godoro.

---

Mtu wa Upanga

Mimi niliyesema Muhimbili kwa sababu ya sifa nimekubali sababu za dokta ni nzito kuliko zangu. Hilo la Chanika nalo ni kweli tupu, nimefanya kazi na mtu anayekaa huko.

---

Fundi wa Misuna

Dokta, sijui nikushukuru vipi. Nilikaa naye jana usiku nikamsomea yote, pamoja na hesabu ya kalamu. Nilimwambia wazi kwamba kama angekuwa na udhamini wa uhakika ningemwachia achague Bugando, maana nimeona alivyosoma ile sehemu ya kitandani. Alinyamaza kidogo, akasema Muhimbili sawa, ila saa kumi na moja jioni atakuwa wodini, nimwekee hilo.

Leo asubuhi tumeingiza namba ya siri pamoja, imekubali: MUHAS. Baba mdogo nimempigia, kafurahi kwa Muhimbili, kanuna kwa Chanika. Atapoa, kuku anakuja.

Mwaka wa Pili, mdogo wangu, sasa nakuhitaji wewe. Kuomba hosteli tunaanzia wapi, ni kwenye akaunti ile ile aliyoombea chuo au kuna nyingine? Na hiyo kodi ya Magomeni, wenye nyumba wanadai miezi mingapi kwa mkupuo? Nataka nijue kabla sijanunua alizeti ya msimu huu, nisije nikazifungia hela zote kwenye magunia.

---

Mwaka wa Pili

Dada, hongereni. Nakutumia namba yangu kwa ujumbe wa faragha, mpe, nitamwelekeza ya hosteli hatua kwa hatua siku atakayofungua akaunti ya mwanafunzi. Ya kodi, wengi wanataka miezi sita, wachache wanakubali mitatu ukienda na mtu wanayemfahamu. Nina wenzangu wawili Kigogo wanaotafuta wa tatu. Usinunue gunia hata moja mpaka nikuletee jibu lao, nitawauliza leo.